Dawa Niliyoikunja Ndani ya Chapati

Shemeji yangu anayekaa Amerika anataka nikaseme bungeni. Si bunge la huku Uswidi, wala lile la Nairobi. Ni bunge la jimbo lake, maana kule kila jimbo linajipikia sheria zake lenyewe. Alinipigia simu ya picha nikiwa Vällingby, hapa Stockholm, jikoni kwangu, mikono imejaa unga.

"Shemeji," akasema, "kuna mswada. Ugonjwa kama ule ukirudi, hospitali isiweze kumkatalia mgonjwa dawa eti kwa sababu iliandikiwa ugonjwa mwingine. Wanatafuta mashahidi. Hata kwa simu wanakubali. Wewe unayo hadithi."

"Ninayo. Lakini sidhani ni ile unayoitaka."

"Sema tu walikunyima."

"Walininyima. Halafu wakanipa nyingine. Unataka nusu ipi?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyebanwa. "Shemeji, pale mtu anapewa muda mfupi sana. Wape nusu ya kwanza."

Mimi si mtu wa nusu. Ndiyo maana nimeketi kuiandika yote hapa, kabla sijaenda kuisema kwa wabunge wa watu.

Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne sikulimaliza. Anayetaka maneno ya chuo amtafute mume wangu, yeye ndiye mhandisi wa maji. Mimi niliingia mji huu kama mke wa mwanafunzi. Niliosha ngazi za majumba ya Hagsätra miaka mingi, nikaanza kukaanga mandazi nyumbani na kuyauza kwenye mikutano ya Wakenya. Nikapikia harusi ya Mtanzania, wageni wakaulizana ni nani aliyepika. Leo nina jiko lenye mlango wa barabarani na watu ninaowaajiri, na ufunguo wa mlango huo sikupewa na mtu. Nayasema haya ili ueleweke moyo niliokuwa nao siku ile: koti jeupe halinitishi.

Ilikuwa mwaka wa pili wa ule ugonjwa, theluji inaanza kugeuka matope. Mzee, mume wangu, alianza na kikohozi kidogo, akasema ni vumbi la pilipili yangu. Kesho yake alikuwa anaongea maneno mawili anapumzika, maneno mawili anapumzika. Binti yetu akaita gari la wagonjwa. Waliingia watu wamevaa kama warina asali, wakamwekea kidoleni kile kibanio chao cha kupimia hewa, wakatazamana. Nikajua. Wakamtoa na ndara moja mguuni, nyingine ikabaki mlangoni. Niliposhika koti langu nifuate, wakaniambia hapana, mama, siku hizi hakuna kuingia.

Ile ndara sikuiondoa pale mlangoni. Mtu akiiruka, aruke.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu hunicheka kabla sijamaliza. Kwetu ukimlaza mtu hospitali, kazi yako ndiyo kwanza inaanza. Daktari anakuandikia, unatoka mbio hadi duka la dawa, unanunua dawa, sindano, hata glavu za kumshikia, unarudi nazo mkononi. Mgonjwa asiye na mtu wa kumkimbilia, huyo mwanga wake ni mdogo. Nilimkimbilia mama yangu hivyo. Nilimkimbilia kaka yangu hivyo. Na hapa naambiwa nikae nyumbani nisubiri simu. Kukaa! Mikono mapajani, kama mtu aliyemtupa mumewe.

Kile kikundi chetu cha simu, cha watu wa Afrika Mashariki wa mji huu, kilikuwa kinapika dawa mchana kutwa. Huyu tangawizi na limau, yule mvuke wa mwarobaini, yule maji ya chumvi puani. Shemeji yeye alituma jambo zito zaidi. Alisema kwao watu wanazipeleka hospitali mahakamani, na wabunge wameanza kuandika miswada, kwa ajili ya dawa moja ya minyoo. "Inaua hicho kidudu, shemeji. Hospitali hawataki tu. Idai!"

Dawa hiyo naijua. Baba yangu alikuwa akiwadunga ng'ombe wake, na kupe wakaanguka kama punje. Na vidonge vya watu nilikuwa navyo kabatini, kutoka duka la dawa la Nakuru, vilikuja ndani ya mkoba wa mama mmoja aliyerudi kutoka likizo. Sikufikiria mara mbili. Hospitali walikuwa wanapokea chakula kwenye meza ya mlangoni, basi nikapika chapati, nikavifunga vidonge na pakiti yake kwenye kipande cha foili ya jikoni, nikakunja ndani ya chapati ya katikati, nikamtumia Mzee ujumbe wa sauti: ile ya katikati, kula polepole.

Watu husema nilificha. Sikuficha. Niliikunja ili isipotee.

Sikujua kwamba Mzee hakuwa na nguvu hata za kushika simu. Ujumbe wangu ulikaa haujasikilizwa. Aliyemmegea chapati alikuwa mama mmoja msaidizi wa wauguzi, Mkongo wa Bukavu, na vidole vyake ndivyo vilivyokutana na ile foili. Akanipigia.

"Jambo, mama. Miye niko natumika hapa ku hospitali. Hii njo nini uliweka mu chapati?"

"Dawa."

"Ya nani?"

"Ya mume wangu. Mpe na maji ya uvuguvugu."

Nadhani alikuwa anasoma pakiti. "Eh, mama! Hii si njo ya minyoo ya ng'ombe?"

"Hiyo ni ya watu! Geuza usome nyuma."

Hapo akacheka, akacheka hadi nikasikia amejishika ukutani. "Mama, ulinikumbusha mama yangu. Yeye pia angaliweka. Lakini siwezi kumupatia. Nitaambia docteur."

"Mwambie. Mwambie na mwenye dawa yupo, anataka kuongea naye."

Binti yangu aliposikia, alinijia juu kwa Kiswidi. Akikasirika Kiswahili humtoka chote. Mama umeniaibisha, mama hii si Nakuru, mama ungeweza kumuua baba. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Wewe unayejua kusoma, nitafutie sheria ya hapa inasemaje juu ya dawa ya ugonjwa mmoja kutumiwa kwa ugonjwa mwingine."

Akatafuta kwenye simu, bado kanuna. "Hakuna sheria ya peke yake kwa ajili ya huu ugonjwa. Ile ya kawaida inasema daktari afuate sayansi na uzoefu uliohakikiwa. Akiona inafaa, anaweza kuandika hata dawa ya ugonjwa mwingine, lakini jukumu ni lake."

"Basi?"

"Basi."

"Amerika wana kurasa nzima, sisi tuna mstari mmoja?" Hata mkataba wangu wa kukodi friji ulikuwa mrefu kuliko hivyo.

Daktari akapiga mchana huo, binti akatutafsiria. Kwa sauti alikuwa kijana, mtu wa kaskazini mwa Uswidi. Wale wa kule wakikubali hawasemi ndiyo, wanavuta pumzi ndani, *shhup*, kama mtu aliyemwagikiwa na maji baridi. Mgeni akiisikia kwenye simu hudhani mtu amekufa.

"Wewe ndiye uliyetuma vidonge?"

"Ndiye mimi. Na ninadai apewe. Amerika kuna watu wanapitisha sheria, daktari hawezi kukataa."

*Shhup.* "Nimesikia. Lakini sitampa."

"Kwa sababu gani?"

Nilingoja hotuba. Nimeishi nchi hii vya kutosha, najua namna wanavyoweza kukufunika na maneno laini hadi ukaenda nyumbani bila kujua umekataliwa. Huyu hakufanya hivyo. Alisema, "Mumeo anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya moyo. Hiyo yako ikikutana nayo, naogopa atavuja damu. Na sijaona kitu cha kunionyesha kwamba inasaidia mapafu. Kama ningekuwa nimeona, tungezungumza mengine."

"Ng'ombe wa baba yangu walipona."

"Walikuwa na mapafu mabovu?"

Walikuwa na kupe.

"Na kama sheria ingekulazimisha?" nikamuuliza.

"Ningempa, halafu akivuja damu ningesema ni sheria. Sasa hivi nikikosea, nitajibu mimi."

Hilo nililielewa hata kabla binti hajanitafsiria, kwa kuwa hakukuwa na haja ya kutafsiriwa. Jikoni kwangu wali ukiungua, hakuna anayeitwa ila mimi. Mteja anaweza kudai nitie kitu nisichokijua ndani ya sufuria, alipe na pesa juu, lakini wageni wakienda kutapika jina litakalotajwa si lake. Hata hivyo sikumwambia kwamba amenishinda. Nilimwambia, "Haya. Lakini mimi sikai hapa bure. Kila siku utanipigia uniambie umefanya nini."

*Shhup*, akasema. Na alipiga. Siku asiyopiga yeye alipiga yule Mkongo, na huyo alinieleza mambo ambayo daktari hajui kuyaeleza: kwamba Mzee amelala kifudifudi kama mtoto, kwamba ameomba redio, kwamba amekataa supu yao na amesema maji ya kuoshea viazi huko kwake humwagwa.

Halafu ikaja siku alipiga daktari, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mbele ya ile ndara. Binti alikuwa nami.

"Amezidiwa," akasema. "Mapafu yamewaka. Mwili wake mwenyewe ndio unaowasha moto sasa, umeshasahau kidudu, unajipiga wenyewe. Hatua inayofuata ni kumlaza usingizi na kumwekea mashine. Kwa umri wake, ningependa tusifike huko."

"Sasa?"

"Kuna dawa. Inazima moto wa namna hiyo. Inatumika kwa watu wenye ugonjwa wa viungo."

"Viungo?" Nilidhani binti amekosea kutafsiri. "Viungo vya miguu?"

"Magoti, vidole, viungo vyote. Haikuandikiwa ugonjwa huu. Lakini imejaribiwa nchi nyingine kwa wagonjwa kama yeye, kwa kulinganisha waliopewa na wasiopewa, na waliopewa wengi zaidi wamepona. Sisi hapa tumeitumia kwa wachache. Ninataka kumpa. Yeye amesema nikuulize wewe kwanza."

Ewe msomaji, ungeniona. Mimi niliyekuwa nikidai sheria imlazimishe daktari kutoa dawa ya ugonjwa mwingine, nilipopewa dawa ya ugonjwa mwingine nilitaka kuikata simu.

"Wewe," nikamwambia, "juzi ulinikatalia dawa ya minyoo. Leo unaniletea ya magoti. Mapafu yana magoti?"

Binti alisita kutafsiri. Nikamwambia tafsiri hivyo hivyo.

Upande wa pili daktari hakucheka. "Una haki ya kuuliza. Na hii pia ina hatari. Inapunguza nguvu za mwili kupigana, anaweza kupata maambukizi mengine. Naogopa kidogo, nakwambia ukweli. Lakini naogopa zaidi nisipompa."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, kwa kuwa aliniambia anaogopa. Nimewahi kuajiri wapishi wasioogopa kitu. Mmoja alinichomea pazia.

Nikamuuliza mambo ambayo ningemuuliza mpishi anayetaka kujaribu chakula kipya siku ya harusi ya watu. Ukishaiweka jikoni, nani atabaki hapo? Utajuaje kwamba inaharibika kabla haijaharibika? Ikianza kuharibika utafanya nini? Akanijibu yote, moja baada ya jingine, bila kunikimbiza. Damu itapimwa mara kwa mara. Muuguzi hatatoka kwenye kile chumba. Na kuhusu nani atabaki, nikasikia sauti nyingine ikiingia nyuma yake, ile ya Bukavu:

"Mama, miye niko hapa. Leo na kesho niko hapa. Nitamuangalia kama baba yangu wa kunizaa."

"Nataka nimwone," nikasema.

Wakamletea ile simu pana kama sinia, wakaisimamisha juu ya kitanda. Mzee wangu alikuwa na barakoa ya plastiki, na hewa inapiga kelele kama jiko la mafuta ya taa. Uso umemwisha. Lakini macho yalikuwa yake, yale yale ya mwanafunzi aliyenidanganya kwamba huku theluji ni mwezi mmoja tu.

Akainua barakoa kidogo. Yule Mkongo akamkemea, akairudisha, akaiinua tena.

"Mama," akasema. "Umenipa... dawa ya ng'ombe."

"Ya watu!"

"Ndani ya chapati."

"Ndani ya chapati. Ulitaka ndani ya nini?"

Mabega yake yakatikisika. Nilishtuka, nikadhani ndiyo roho inamtoka, kumbe anacheka. Kengele ya mashine ikalia, wakamtuliza. Alipopata hewa akasema, "Hii ya viungo... nikubali?"

Maisha yangu yote na mtu huyu, yeye ndiye aliyesoma karatasi zote. Mikataba, barua za serikali, maagizo nyuma ya mashine ya kufulia. Hajawahi kuniuliza nikubali. Nilimtazama, nikamtazama binti, naye alikuwa amejifunika uso. Nikamwambia, "Kubali, Mzee. Nimemhoji huyo kijana. Anajua anachokijua, na asichokijua pia anakijua."

"Hata goti," akasema, "litapona."

Maana goti lake la kushoto limekuwa likimsumbua tangu zamani, na halinyamazi majira ya baridi. Barakoa ikarudi. Simu ikazimwa.

Walimpa mchana ule ule, kwa mshipa. Nilienda Vällingby, nikafungua jiko ambalo lilikuwa limefungwa kwa sababu ya ugonjwa, nikapika. Hakukuwa na harusi wala mkutano. Nilipika pilau ya watu wengi kwa ajili ya hakuna mtu, nikaifungasha, nikaigawa kwenye milango ya wazee wa mtaa, Waswidi kwa Wasomali kwa wote, nikigonga na kurudi nyuma kama mwizi. Mikono yangu ilihitaji mahali pa kukaa.

Kesho yake yule Mkongo akanipigia. Hakuniamkia hata. "Mama! Amekula supu."

"Ile ya maji ya viazi?"

"Ile ile! Amesema ni mubaya sana. Lakini amemaliza."

Nikaketi chini pale pale, kwenye kibaraza cha mlango, karibu na ndara. Daktari alipiga baadaye akasema mashine imepunguzwa hewa, homa imeshuka, tusifurahi mapema. *Shhup*, nikamwambia mimi. Ilinitoka tu. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Sikusema dawa ndiyo iliyomponya. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Alisema inawezekana, alisema wengine walipewa ile ile hawakutoka, na hilo lilinifanya nimshukuru Mungu kwa sauti ya chini badala ya kupiga vigelegele. Lakini Mzee alitoka. Aliletwa na teksi, amekonda, amevaa soksi za hospitali, akafika mlangoni, akaiona ndara yake, akaingiza mguu.

"Mmekosa hata mtu wa kufagia humu," akasema.

Siku hizi yule daktari huja Vällingby kula. Hupanda treni ya chini ya ardhi, ile ya mstari wa kijani, hadi kwetu, huketi karibu na dirisha, na kila ninapomwekea chapati huichana katikati na kuchungulia kabla ya kula. Wafanyakazi wangu wanadhani ana wazimu. Mkongo naye alikuja na mumewe na wanawe, wakala wakabeba.

Basi, hili ndilo nililomwambia shemeji aliponipigia tena kuuliza kama nipo tayari.

"Nipo. Lakini nitaisema yote."

"Shemeji, utauharibu mswada."

"Uharibike basi, waandike mwingine. Wewe waambie hivi: mama mmoja wa Stockholm hataki sheria ya kumlazimisha mpishi atie asichokijua. Lakini hataki pia jiko lisilo na dirisha. Waandike kwamba daktari akikataa, apige simu mwenyewe aseme kwa nini. Akikubali, aseme anaogopa nini. Na watu wa mgonjwa waulizwe, hata kama walileta dawa ya ng'ombe. Mstari mmoja unatosha. Sisi huku tunao mmoja, si mbaya, ungeongezwa huo wa pili."

Shemeji akakuna kichwa. Ni mtu mzuri, na kaka yake ni mmoja tu. "Hawatakuelewa," akasema.

"Yule wa kaskazini alinielewa, na Kiswidi changu ni cha sokoni."

Nyuma yangu Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyogeuzwa, gazeti mkononi, anajidai hasikii. Siku ya ushahidi imeshapangwa, ni alasiri kwetu, asubuhi kwao. Nimeshachagua kitambaa cha kichwa. Binti atatafsiri, ameahidi hataongeza wala kupunguza.

"Waambie na goti," Mzee akasema bila kuinua macho. "Walinipa dawa ya viungo, na goti bado linauma. Hilo nalo liingie kwenye kumbukumbu za bunge."